Kompyuta haifundishwi kwa chaki

Maneno yaliyosomwa mbele ya vijana wa Butembo, kwenye mkutano wa mwendo wetu wa raia. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakufika na kwa kamarade wa miji mingine waliotuomba.



Tunajua wengine wenu mumeacha biashara, na wengine mumepanda vilima kwa miguu juu pesa ya moto haikuwepo. Hatutawakawisha kwa salamu ndefu.

Leo hatuzungumzii barabara wala maji, hata kama hayo nayo yanatungoja. Tunazungumzia labo. Labo ya kompyuta: kile chumba chenye mlango wa chuma na kufuli, ambacho kila mwanafunzi wa informatiki anakilipia na wachache ndio wanakiingia.

Sisi tulioandika maneno haya tuko na diploma za informatiki na hatuna kazi. Tunalisema mwanzoni ili mujue tunaongea tukiwa upande gani. Hatukuja kulia mbele yenu. Tulikaa pamoja, tukaulizana swali moja: katika miaka yote ile ya masomo, ni saa ngapi mikono yetu ilikuwa juu ya klavye? Tulipohesabu, tulinyamaza kidogo. Kuna mmoja kati yetu aliyekuwa na kompyuta nyumbani, huyo alikuwa na mengi ya kusema. Sisi wengine tulikuwa na silabusi.

Munajua namna inavyokwenda. Unalipa pesa ya masomo, na juu yake kuna mstari mwingine kwenye bordero: pesa ya pratiki. Profesa anakuja siku nne, anasoma silabusi, anaandika programu ubaoni kwa chaki, sisi tunakopi kwenye daftari. Siku ya labo, asistenti anafungua mlango. Ndani kuna mashini 12, zinazowaka ni 7, na promosiyo yetu ilikuwa na watu zaidi ya 60. Anayekaa mbele anaandika. Walio nyuma yake wanaona mabega yake. Kabla zamu haijafika, umeme unakatika, na saa za pratiki zinaandikwa kwenye rejista kama zimefanyika.

Kisha mtihani. Mtihani wa lugha ya C kwa kalamu na karatasi! Unakatwa alama kwa kusahau alama ya nukta-mkato, kosa ambalo mashini yenyewe ingekuonyesha kwa sekunde moja na mstari wake. Mwisho ni kazi ya kumaliza masomo: hifadhi ya data ya kusimamia farmasi, au hoteli, au wagonjwa wa hospitali. Wengi wanaikuta iko tayari kwenye sekretaria za mtaani, mtu anabadilisha jina la farmasi na mwaka. Tusiwacheke hao wanafunzi. Mtu ambaye hajawahi kugusa hifadhi ya data, mulitaka aitoe wapi?

Tunachotaka kusema leo ni hiki: labo ndiyo somo lenyewe. Bila labo, diploma ya informatiki ni ahadi iliyopigwa muhuri. Na labo ni jambo la raia wote, hata wale ambao hawatasoma informatiki siku moja. Tutaeleza kwa mifano mitatu. Tunaomba mufuate hata kama hamukusoma fani hii.

Mfano wa kwanza: programu

Chukua uchaguzi mdogo wa mtaa. Watu 60 wamepiga kura, mgombea mmoja amepata 45. Tunataka asilimia yake. Kwenye karatasi ni rahisi: 45 gawanya kwa 60, zidisha mara 100, jibu ni 75. Mwanafunzi anaandika hesabu hiyo hiyo katika lugha ya C, kwa namba kamili. Profesa anatazama karatasi, anaona hesabu ni sawa, anampa alama zote.

Sasa mpeni mashini. Mashini inajibu: 0. Mgombea aliyepata kura 45 juu ya 60 anatoka na asilimia sifuri.

Hakuna mtu aliyeiba. Katika lugha ya C, ukigawanya namba kamili kwa namba kamili, kinachobaki nyuma ya koma kinatupwa. 45 gawanya kwa 60 inakuwa 0, na 0 mara 100 inabaki 0. Ukizidisha kwanza kisha ukagawanya, unapata 75. Hesabu ni ile ile, mpango ndio uliobadilika. Katika lugha ya Python ya leo, mgawanyo uleule hautupi kitu.

Hili jambo liko kwenye silabusi, ukurasa fulani, mstari mmoja. Hakuna anayelikumbuka. Lakini mtu aliyeliona kwenye ekrani, akakasirika, akatafuta nusu saa, akalipata, huyo hatalisahau mpaka atakapozeeka. Ndiyo namna kompyuta inavyofundisha: inafanya ulichoandika, haifanyi ulichotaka. Ubao hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo, kwa sababu ubao unakubali kila kitu.

Mfano wa pili: sistemu inayoendesha mashini

Kila mmoja wenu ameshaona flashi iliyoharibu kazi. Unakopi dokima, ekrani inasema imekwisha, unachomoa flashi haraka juu mtu wa fotokopi anangoja. Unafika kule, dokima haifunguki. Watu wanasema ni virusi. Wengine wanasema flashi ni ya Uchina.

Mara nyingi sababu ni nyingine. Kuandika kwenye flashi ni kazi ya polepole, na sistemu haitaki kukungojesha. Kwa hiyo inaweka data kwanza kwenye kumbukumbu ya mashini, inakuambia imekwisha, kisha inaandika polepole nyuma yako. Ukichomoa kabla, kile kilichokuwa bado njiani kinapotea. Kwenye Linux kuna amri ya herufi nne, «sync», inayoilazimisha sistemu kuandika kila kitu kilichobaki. Zoezi hili linataka mashini moja, flashi moja na dakika kumi. Ukilifanya mara moja, unaelewa kumbukumbu, diski, na kwa nini mashini inakuomba uage kabla ya kuchomoa flashi.

Au chukua haki za mafaili. Kwenye Linux, kila faili iko na mwenyewe, iko na kundi, na kuna watu wengine wote. Kwa kila mmoja unasema: huyu anaruhusiwa kusoma, huyu kuandika, huyu kuendesha. Mweke mwanafunzi mbele ya mashini, afunge faili kisha ajaribu kuifungua kwa jina la mtu mwingine. Sistemu itamwambia: ruhusa hauna. Hapo ataelewa jambo la siasa ambalo hakuna somo la siasa lililomwonyesha wazi hivyo: nyuma ya kila faili kuna mtu aliyeamua nani atasoma. Hesabu ya pesa za pratiki nayo ni faili. Kuna mtu aliyeamua kwamba sisi, tunaoilipa, tuko katika kundi la «wengine wote».

Hapa tuwaambie historia fupi. Mwaka 1987, profesa mmoja wa Amsterdam, Andrew Tanenbaum, alitoa sistemu ndogo aliyoiandika kwa ajili ya kufundisha, inaitwa Minix. Aliitoa pamoja na kitabu, ili wanafunzi waifungue, waisome ndani, waiguse. Mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, alikuwa na kompyuta yake chumbani na Minix ndani yake. Akaanza kuandika programu zake ili aelewe mashini hiyo inatumika namna gani. Siku moja alitaka modemu ipige simu, akakosea, akaituma amri kwenye diski yake. Sehemu ya Minix ikaharibika. Alikuwa na njia mbili, kuirudisha Minix au kuendelea na chake mwenyewe. Akaendelea na chake. Hiyo ndiyo Linux, na leo moyo wake uko ndani ya kila simu ya Android iliyo mifukoni mwenu.

Hatusemi Butembo ni Helsinki. Tunasema kitu kimoja: profesa alitoa sistemu inayoruhusiwa kuvunjwa, na mwanafunzi alikuwa na mashini anayoruhusiwa kuiharibu. Kwetu, mashini za labo zimefungwa kwa kufuli ili zisiharibike. Zinazeeka zikiwa safi, na sisi tunamaliza masomo tukiwa safi vilevile, hatujui kitu.

Mfano wa tatu: hifadhi ya data

Mama anauza unga sokoni. Anamtumia mtoto wake franka 50 000 kwa simu, mtoto anasoma Kisangani. Ndani ya mashini ya kampuni, kazi hiyo ni mistari miwili. Wa kwanza: toa 50 000 kwenye konti ya mama. Wa pili: ongeza 50 000 kwenye konti ya mtoto.

Umeme ukikatika kati ya mstari wa kwanza na wa pili, inakuwaje? Pesa imetoka kwa mama, haijafika kwa mtoto. Iko wapi?

Watu waliotengeneza hifadhi za data walijiuliza swali hilo zamani. Edgar Codd, Mwingereza aliyetumika IBM Marekani, aliandika mwaka 1970 namna ya kupanga data katika meza zinazohusiana. Miaka michache baadaye, wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitoa lugha ya kuziuliza meza hizo, ndiyo baba wa SQL ya leo. Na kwa swali la pesa ya mama, jibu lao na la waliowafuata ni kufunga mistari ile miwili katika furushi moja: ama yote miwili ifanyike, ama hakuna hata mmoja. Unasema «BEGIN», unaandika mistari yako, mwishoni unasema «COMMIT». Kabla ya «COMMIT», hakuna kilichotokea mbele ya sheria.

Silabusi inasema hivyo pia. Lakini fanyeni hivi. Wekeni PostgreSQL kwenye mashini ya mazoezi, ni ya bure. Tengenezeni konti mbili. Andikeni «BEGIN», toeni 50 000 kwa mama, tazameni: konti imepungua. Musiandike «COMMIT». Chomoeni waya wa umeme. Ndiyo, chomoeni! Kisha washeni tena, muulize konti ya mama. Pesa iko pale pale, franka kwa franka. Wakati wa kuwaka, PostgreSQL ilisoma daftari lake la matukio, ikakuta kazi ambayo haikumalizika, ikaihesabu kama haikuwepo.

Tulipolifanya zoezi hili na wadogo zetu, walinyamaza, kisha wakataka kuchomoa tena, na tena. Na sisi tulijiambia: kumbe kukatika kwa umeme, ambako kila mtu anakutaja kama sababu ya kukosa labo, ndiyo vifaa vya kwanza vya labo. Hakuna mji ambao mtu anaweza kujifunza jambo hili vizuri kuliko mji wetu.

Kwa nini jambo hili ni la raia

Sasa mtatuuliza: mwendo wa raia unahusika wapi na konti na flashi?

Mukumbuke tarehe 30 Desemba 2018. Inchi ilipiga kura kwa mashini za kupigia kura zilizotengenezwa Korea ya Kusini. Sisi wa Butembo, pamoja na ndugu zetu wa Beni na wa Yumbi, tuliahirishiwa mpaka mwezi wa tatu wa 2019, wakati rais alikuwa ameshaapishwa. Vijana wa Beni walijitengenezea vituo vyao siku ile ile, wakapiga kura kwa karatasi, kwa mikono yao, ili dunia ione. Kuhusu mashini, kulikuwa na makelele miezi mingi. Wengine walisema ni mashini za kuiba. Wengine walisema ni mashini za kurahisisha kazi. Pande zote mbili zilikuwa na kitu kimoja: raia wa kawaida hakuwa na njia ya kufungua mashini na kuona ndani.

Mwaka huohuo, wakaguzi wa Francophonie walisema asilimia 16,6 ya walioandikishwa hawakuwa na alama za vidole kwenye faili. Nani aliweza kuuliza swali la pili? Kwamba hao wako mikoa gani? Kwamba ni mashini za kuandikisha zilizokosa, au ni watu waliokosa? Maswali kama hayo ni mistari mitatu, minne ya SQL kwa mtu aliyezoea. Kutafuta jina lililoandikwa mara mbili ni zoezi la wiki ya pili. Na baada ya kura, intaneti ilikatwa karibu siku 20. Aliyejua kutumika bila intaneti, kwenye mashini yake na mtandao wake mdogo wa ndani, aliendelea. Wengine tulingoja.

Kura iko ndani ya hifadhi ya data. Mishahara ya walimu iko ndani ya hifadhi ya data. Kitambulisho, kodi, mashamba, madini yanayotoka, vyote vinaingia humo. Inchi ambayo vijana wake wamejifunza hifadhi ya data kwa chaki itaendelea kukodi watu wa kuitunzia siri zake, na itaamini chochote mashini itakachosema. Kuidai labo ni kudai macho.

Tunachodai

Tuko na madai matatu, na tunayapeleka kwa maandishi kwa vyuo vyote vya mji vinavyofundisha informatiki, vya serikali na vya binafsi, bila kuchagua.

La kwanza: pesa ya pratiki ibandikwe ukutani. Ni kiasi gani kilikusanywa mwaka huu, kilinunua nini, kimebaki kiasi gani. Karatasi moja inatosha.

La pili: kwa kila promosiyo, itangazwe idadi ya mashini zinazowaka na saa ambazo kila mwanafunzi atakuwa na klavye mkononi. Saa ambazo umeme ulikosekana zisihesabiwe.

La tatu: labo ifunguliwe mchana na Jumamosi, chini ya ulinzi wa wanafunzi wenyewe, kwa zamu iliyoandikwa.

Kwa wakubwa wa serikali tutatumia njia ambayo Katiba yenyewe imetupatia. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, ana haki ya kupelekea mamlaka ya umma ombi la maandishi, na mamlaka hiyo inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Kifungu hichohicho kinakataza mtu kusumbuliwa juu ya kuandika ombi hilo. Nakala yetu itapigwa muhuri wa kupokelewa, na siku tutaanza kuzihesabu hapo.

Tutakachofanya wakati tunangoja

Kungoja miezi mitatu bila kugusa mashini, hapana. Tunaanzisha labo ya Jumamosi.

Mashini za mitumba zinapita Kasindi kila wiki na zinauzwa hapa mjini. Mashini ya miaka kumi ambayo Windows mpya inaikataa, Linux inaipokea vizuri. Debian ni ya bure tangu 1993, na ukiishusha mara moja kwenye flashi unaifunga kwenye mashini zote bila kununua mega tena. Mafundisho ya amri yako ndani yake, unaandika «man» na jina la amri, hauhitaji intaneti. Kwa Kiwix tutaweka Wikipedia nzima ya Kifaransa kwenye diski moja, nayo inasomeka bila mtandao. Tuko na mashini 4 zilizotolewa na kamarade, tuko na ukumbi, na mzazi mmoja ameturuhusu kutumia betri na sahani yake ya jua. Tunatafuta mashini nyingine, hata iliyokufa. Iliyokufa tutaifungua, nayo itafundisha.

Masharti ya labo ni machache:

Klavye moja, watu wawili, na kila dakika 20 wanabadilishana. Anayejua haruhusiwi kunyang'anya klavye, anasema kwa mdomo tu.

Wadada wanaandika kama wakaka. Tumeona labo nyingi ambamo dada anapewa kazi ya kushika daftari. Hapa daftari lina zamu, na klavye ina zamu.

Kila mmoja anatunza daftari la makosa: mashini ilisema nini, nilifikiri ni nini, ilikuwa nini. Daftari hilo ndilo diploma ya labo yetu.

Mara moja kwa mwezi kuna saa ya kuchomoa. Tunakata umeme katikati ya kazi, kisha tunaangalia ni programu ya nani iliyosimama tena.

Kazi yetu ya kwanza ya pamoja tumeshaichagua. Mama zetu wanalipa kodi ya soko kila siku na wanapewa tiketi. Tiketi nyingine hazina tarehe, nyingine zina namba inayorudi mara mbili, na siku nyingine pesa inachukuliwa bila tiketi. Tutatengeneza hifadhi ya data ya tiketi hizo: tarehe, soko, kiasi, namba. Majina ya mama hayataingia, wala nambari zao za simu, kwa sababu faili inayoweza kumletea mtu shida ni lazima ifikiriwe kabla ya kuandikwa. Mwisho wa mwezi tutajumlisha, na tutaipeleka hesabu hiyo kwa meri na kwa mama wenyewe, siku moja, karatasi moja.

Kwa wale wenye mashaka

Kuna wanaosema: mimi sina kompyuta, niko na simu tu. Anza na simu. Kuna programu inaitwa Termux, inakufungulia amri za Linux kwenye Android, unaweza kuandika Python humo. SQLite, hifadhi ndogo ya data iliyotoka mwaka 2000, iko tayari ndani ya simu yako, ndimo jumbe nyingi zinamotunzwa. Vidole vitaumia kidogo. Jumamosi utakuja kwenye klavye ukiwa na maswali.

Kuna wanaosema: hata tukijua, kazi iko wapi? Swali hili ni la haki, na hatutawadanganya. Labo haitengenezi kazi kesho asubuhi. Sisi wenyewe tunatafuta. Lakini tumeona mlango mmoja unavyofungwa: mtu wa duka, mtu wa hospitali, mtu wa shirika anakuuliza unajua kufanya nini, na unamwonyesha diploma. Anakuuliza tena, unajua kufanya nini. Wakati hauna jibu la pili, anamwita mtu wa Kampala. Tunataka vijana wa mji huu wawe na jibu la pili. Kupigania kazi zitolewe bila ndugu na bila bahasha, hiyo ni kazi nyingine ya mwendo wetu, nayo hatukuiacha.

Na kuna wazazi wanaoogopa kwamba mwendo wa raia utawaletea watoto wao matatizo. Wazazi wetu, mlango wa labo utakuwa wazi. Njooni mukae, muangalie. Mtaona watoto wenu wanabishana juu ya koma.

Kamarade, mbele ya mlango kuna karatasi mbili. Ya kwanza ni ya sahihi za ombi. Someni kabla ya kutia sahihi, na kama kuna mstari hamukubali, semeni leo. Ya pili ni ya labo: andikeni jina, na kama muko na mashini, waya, ekrani au saa mbili za kufundisha, andikeni pia. Wanaofika Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, walete daftari. Mashini zitakuwa 4 na watu watakuwa wengi, kwa hiyo wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuandika, na wa kwanza kuchomoa waya.